Nilivyowauliza Watu wa Shifti ya Mchana

Wacha nianze na aibu yenyewe ndio tumalizane nayo. Mimi ndiye yule supavaiza aliyeitisha mitingi ya watu kutoa maoni, akauliza swali, akangoja, akalijibu mwenyewe, halafu akajipigia makofi.

Makofi yangu peke yangu. Paa, paa, paa, ndani ya stoo ya unga. Watu walikuwa wameketi kwa viti vya plastiki vya kukodisha, kila mmoja na soda yake, wananiangalia venye watu huangalia mhubiri aliyesahau andiko. Nilikuwa nimeuliza, "Jamani, mnafikiri mikate yetu inaharibikia wapi?" Kimya. Nikauliza tena, kwa sauti ya huruma. Mtu mmoja nyuma akapiga mbweu ya soda. Nikaona wacha nisaidie: "Nafikiri tukiwa makini zaidi mambo yatanyooka, ama namna gani?" Wote wakasema, "Sawa." Hapo ndio nikaanza kupiga makofi, nikidhani watanifuata. Hawakunifuata. Na ukishaanza kupiga makofi peke yako hujui utaachia wapi.

Naitwa Kyalo. Kazi yangu yote nimeifanya kwa kiwanda kimoja cha mkate huku Eastlands, ukitoka Jericho unafuata harufu. Si kiwanda cha kuonyeshwa kwa televisheni. Oveni, mashine ya kukata, meza ndefu ya kupaki, na magari ya kupeleka mikate madukani. Shule niliachia kidato cha pili karo ilipokataa, na Kiingereza changu mpaka leo ni cha kusalimia tu. Ukiendelea kuniongelesha nitakuitia mtu. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi saa hii, kwa sababu kuna siku mtu atawapatia koti ya ukubwa, na hakuna mtu atawaambia venye hiyo koti iko na baridi.

Yangu niliipata hivi. Nilikuwa wa mashine ya kukata, na nilikuwa mtu wa mdomo. Saa ya chai tulikuwa tunasimama nje, karibu na kreti tupu, na hapo ndio kamukunji yetu ilikuwa. Hakuna mwenyekiti, hakuna kuinua mkono, kila mtu na kikombe chake. Rukia, mkubwa wa meza ya kupaki, ndiye alikuwa rafiki yangu pale. Mzaliwa wa Majengo, mama wa watu, mdomo kama wembe. Mimi nilikuwa naiga mwendo wa Madam, mwenye kiwanda, venye anatembea kama sakafu ni ya moto, na Rukia anacheka mpaka anashika ukuta.

Siku moja Madam akapita kwa mbali, akaona watu wamenizunguka wanacheka. Akafikiri, huyu mtu watu wanamsikiliza. Akanifanya supavaiza wa shifti ya mchana. Watu wengine hupandishwa cheo kwa bidii yao. Mimi nilipandishwa kwa kumwiga bosi, na bosi mwenyewe hakujua.

Kesho yake nikaenda kwa kamukunji na kikombe changu, nimevaa koti jeupe. Wengine wote walikuwa na overoli za bluu. Mtu alikuwa katikati ya hadithi. Akanyamaza. Rukia akasogea akanipa nafasi, nafasi kubwa sana, ya kutosha familia.

"Karibu, Mkubwa."

"Mkubwa nani? Si ni mimi, Kyalo."

"Kyalo alikuwa na overoli."

Wakacheka, lakini kile kicheko kilikuwa kinanizunguka, hakikuwa kinaniingia. Nikameza chai haraka ikanichoma ulimi. Kutoka siku hiyo nikawa nakunywa chai kwa kibanda changu cha vioo, juu ya ngazi. Kutoka pale unaona kila mtu na husikii chochote. Nilikuwa naona midomo inaenda, naona Rukia ameshika ukuta, na sijui nini kimesemwa. Wakati mwingine nilikuwa nacheka tu, huko juu peke yangu, ndio nisiachwe nyuma.

Sasa shida yenyewe. Mkate wetu wa mchana ulianza kuketi. Nyinyi mnaonunua dukani mnajua mkate uliosimama na mkate ulioketi. Ulioketi umebonyea kiuno, vipande vimeshikana, ukivuta kimoja unatoka na robo ya mkate. Wenye maduka wakawa wanaturudishia. Na mkate wa asubuhi, unga ule ule, oveni ile ile, ulikuwa umesimama kama askari. Kwa hivyo Madam akaniita akasema: "Kyalo, kila kitu ni kile kile isipokuwa watu. Basi shida ni watu wako." Akanipatia mpaka mwisho wa mwezi. Mikate ikiendelea kurudi, anafunga shifti ya mchana na kila mtu anaenda nyumbani.

Mjue shifti ya mchana ilikuwa ya akina mama. Wale ambao asubuhi lazima watayarishe watoto kwanza, wafue, wapike, ndio watoke. Rukia alikuwa anawalea wajukuu wake peke yake. Hakuna kazi ya asubuhi ingemfaa, na umri wake haukuwa wa kuzunguka akibisha milango ya viwanda. Alikuwa mbele yangu niliposhuka kuwatangazia hayo maneno. Alichukua kitambaa cha kupangusia meza, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Ndio nikakodisha viti na kununua soda.

Baada ya ile aibu nikamkumbuka mwalimu wangu, Mzee Mbithi, aliyenifunza mashine nikiwa mwembamba hivi mpaka alikuwa ananiambia nisisimame karibu na feni. Alishastaafu zamani akarudi kwao Kitui. Mzee Mbithi hakuwa anauliza mtu ati una maoni gani. Alijua ukimuuliza mtu hivyo anashtuka kama ameitwa kortini. Yeye alikuwa anasema kitu cha makosa, makusudi. Anafinya donge la unga, anatangaza, "Huu wa leo unataka chumvi mara mbili." Watu wote: "Aaa, Mzee! Unataka kumaliza Nairobi?" Hapo kila mtu anamwaga anachojua, huyu anasema maji, yule anasema hamira, na mzee anatikisa kichwa kama mtu anayefunzwa. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa namhurumia. Nilidhani hajui kazi.

Nikasema, dawa ni hiyo. Nikashuka, nikasimama kando ya rafu za kupoeza, pale mkate ukitoka kwa oveni hupumzishwa kabla ya kukatwa. Nikasema kwa sauti, "Mimi naona tuwe tunainyunyizia hii mikate maji baridi ikitoka tu kwa oveni." Halafu nikangoja kelele. Nilikuwa tayari kutukanwa. Nilikuwa na hamu ya kutukanwa.

Musyoka, yule jamaa niliyemwachia mashine yangu ya kukata, akanitazama kidogo. Akasema, "Sawa."

Kesho yake niko kwa kibanda naona mtu amepita na ndoo. Nikafikiri anapiga deki. Halafu nikaona ameinua mkono juu ya mikate. Zile ngazi nilishuka bila kuzikanyaga zote. Siku hiyo hakuna mkate ulirudishwa, kwa sababu hakuna uliotoka. Kama hujawahi kuona mkate umelowa mpaka umelala, shukuru.

"Musyoka! Kwani hukujua huo ni upuzi?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ukafanya?"

"Si ni wewe ulisema, Mkubwa."

Na hakuwa ananidharau. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya alichoambiwa. Hiyo jioni nilirudi nyumbani nikaketi kwa kitanda bila kuvua viatu. Mzaha ndio kitu pekee nilikuwa najua kufanya duniani. Sikuwa mrembo, sikuwa na masomo, nilikuwa na mzaha. Sasa kumbe mtu akivaa koti jeupe, mzaha wake unasikika kama amri. Nilikuwa nimebaki na nini?

Nikaweka boksi la maoni. Nililiweka karibu na choo ndio mtu atumbukize bila kuonekana. Nilipolifungua kulikuwa na karatasi moja inayosema chai iongezwe sukari, na peremende moja iliyolambwa nusu. Sukari tuliongeza. Ile peremende sijaielewa mpaka leo.

Mwezi nao ulikuwa unaisha.

Siku moja mfanyakazi mmoja wa meza ya kupaki hakuja, mtoto wake alikuwa mgonjwa. Rukia akapanda ngazi mpaka kwa kibanda changu. Ilikuwa mara ya kwanza. Hakuketi.

"Mkubwa, meza ina pengo."

"Nitatafuta mtu."

"Mtu ni wewe. Ama mikono nayo ilipandishwa cheo?"

Nikashuka. Koti nilivua, na msinipe sifa za unyenyekevu, nilivua kwa sababu mikono yake ilikuwa mirefu inaburura kwa mkate. Nikapewa overoli ya mtu mfupi. Kupaki ukikutazama ni rahisi: unafungua mfuko kwa mkono mmoja, unausukuma mkate uingie wote mara moja, unasokota shingo, unabana. Mimi mkate ulikuwa unaingia nusu, nusu nyingine inaenda chini.

"Unapaki ama unavalisha mtoto analia?" Rukia akauliza.

"Huyu mtoto amenona," nikasema, "na nguo ni ya mwaka jana."

Meza yote ikacheka. Na safari hii kilikuwa kile kicheko cha zamani. Nilikisikia kikiniingia kifuani, na nikainama zaidi juu ya mkate kwa sababu macho yangu yalikuwa yanataka kuniaibisha.

Sasa kuna kitu nimekigundua ambacho hakuna mtu alinifunza. Mtu akiwa na kazi mkononi na macho yake yako chini, mdomo unafunguka wenyewe. Mketishe kwa kiti, mpe soda, mwangalie usoni, amekufa. Pale kwa meza watu walianza tu kuongea, na hawakuwa wananiambia mimi. Bei ya mafuta ya taa. Harusi fulani ya Komarock ambapo wali uliisha bibi harusi hajala. Mimi nasukuma mkate, nasikiliza, nimenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Mara adhana ya alasiri ikalia. Spika ilikuwa karibu, ikajaza kiwanda. Kule mwisho, Musyoka akajifuta mikono, akawasha mashine.

Rukia hakuinua macho. "Huyu naye kila siku hukimbilia wapi? Mkate bado unahema."

Nikasimamisha mikono. "Musyoka! Nani amekuambia uwashe?"

"Si adhana imelia."

"Imelia, na mkate si bado ni moto?"

"Si wewe ulinifunza! Ulisema nikisikia adhana ya alasiri, mkate umepoa, niwashe."

Na ni kweli nilimfunza hivyo, venye Mzee Mbithi alinifunza mimi. Huko ndani simu haziingii, saa za mkono haziingii, zisije zikaangukia unga. Saa ya ukutani ilijaa unga ikafa, na kila iliyoletwa baada yake iliifuata. Lakini adhana haikuwahi kutuangusha. Miaka yote ile, ikilia, mkate umepoa, unakata vipande vinasimama.

Rukia akaweka mkate chini. "Adhana ipi?"

"Kwani ziko ngapi?" Musyoka akauliza. Mimi na yeye ni watu wa Ukambani, watu wa kanisa. Kwetu adhana ilikuwa adhana.

"Mbili," Rukia akasema. "Hii imelia ni ya msikiti wa hapa karibu. Hawa ni wa madhehebu ya Shafii, kama sisi, alasiri yetu inaingia mapema. Mlikuwa mnasikia ile ya ng'ambo, ya Hanafi. Ya wale inachelewa, karibu saa nzima. Huu wa karibu spika yake ilikuwa mbovu miaka na miaka, ilikuwa haifiki hapa. Si wamenunua ingine juzi, baada ya Ramadhani."

Musyoka akakuna kichwa. "Sasa Mungu ni mmoja na saa ni mbili?"

"Mungu hana saa, kaka. Nyinyi ndio mmefanya adhana kengele ya mkate."

Hawakucheka hapo hapo. Nilimwona kila mtu anarudi nyuma kichwani. Mikate ilianza kurudi lini? Baada ya Ramadhani. Tulikuwa tunakata mkate karibu saa nzima kabla ya wakati wake, kila siku, na tunashangaa mbona unaketi. Mtu akaanza kucheka kwa pua, halafu mwingine, halafu Rukia akatafuta ukuta wa kushika, akakosa, akanishika mimi.

Musyoka akazima mashine. Hakuangalia juu kwa kibanda cha vioo kwanza, na hakuniangalia mimi. Alizima tu.

Hapo nataka mtulie kidogo, vijana. Hakuna mtu pale alikuwa na hilo jambo lote. Rukia alijua adhana ni mbili, lakini hakujua Musyoka anazifuata; alidhani ni mimi nimeamrisha mkate ukatwe moto. Musyoka alijua anafuata adhana, hakujua imebadilika. Mimi nilijua mashine na adhana ni kitu kimoja, lakini nilikuwa nimefungiwa kwa vioo, sikuwa nasikia inalia saa ngapi. Kila mtu alikuwa na kipande chake mfukoni, ametulia, anangoja kuulizwa. Na ile siku niliuliza, niliuliza kama hakimu.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema, "Basi tungoje ya pili." Nikaufunga. Nawaambia hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya kwa kile kiwanda, hata kubeba magunia. Mwanamke mmoja wa upande wa pili wa meza akasema yale yale: "Tungoje ya pili."

"Na stima ikipotea?" Rukia akamrudishia. "Spika hailii, tutakaa hapa mpaka kesho."

"Basi mkate wenyewe uulizwe."

"Uulizwe aje?"

Yule mwanamke akachukua mkate, akaweka tako la huo mkate kwa sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono, pale ngozi ni laini. "Venye unapima maziwa ya mtoto. Isipokuchoma hapa, kata."

Musyoka akajaribu. Akajaribu mwingine. Mikate ikaanza kupita mkono kwa mkono, kila mtu anagusa, kila mtu anabishana. Swaleh, dereva wa gari la kupeleka, alikuwa ameegemea mlango anangoja mzigo. Akasema, "Na kwani mlikuwa mnamharakishia nani? Mkinipakilia mapema nakaa tu hapo nje, mkate unapikika tena kwa jua. Maduka yanautaka watu wakitoka kazini."

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nani aliniuliza? Nilidhani mnataka tu kuondoa kreti njiani."

Wakaamua wao. Musyoka hawashi mpaka watu wawili wa meza ya kupaki wameujaribu mkate na mkono, na Swaleh asipakie mpaka aambiwe na meza. Mimi nilichangia jambo moja kwa huo mjadala: niliokota mikate niliyoiangusha.

Mkate ukasimama. Ukasimama kesho yake na kesho yake tena. Mwisho wa mwezi ukafika ukapita, na shifti ya mchana hakuna mtu aliifunga. Rukia alileta mahamri kutoka nyumbani, akaweka katikati ya meza bila kusema ni ya nini.

Ningekuwa mwandishi wa kupendeza watu ningeweka nukta hapa.

Madam si mtu mbaya. Alipotaka kujua tumefanyaje, nilimwambia ashuke, asilete viti, asilete soda, ashike mfuko apaki. Akashuka. Kwa kupaki alikuwa mbaya kuliko mimi, na hiyo ilisaidia sana. Wakamcheka kidogo, halafu wakaanza kumwambia mambo. Akanogewa, akawa anashuka kila wiki. Wakaamua meza igeuzwe ndio wamwone Musyoka. Wakapanga wenyewe nani anamsimamia mwenzake mtoto akiugua. Kila siku jambo moja lilikuwa linatoka kwa kibanda changu linaenda kwa meza, na mimi nabaki na kalamu ya kutia sahihi. Nilikuwa nashuka kupaki hata kama hakuna pengo, nasema nanyoosha mgongo.

Siku moja Madam akiwa pale kwa meza, mikono ikiwa kwa mkate kama wote, akauliza venye nilimfunza kuuliza. Polepole, bila kumwangalia mtu.

"Bei ya unga imepanda. Lazima nipunguze mahali, na sitaki kumgusa mtu wa meza. Hii shifti kweli inahitaji supavaiza, ama mnajiweza?"

Mimi nilikuwa hapo hapo, na mkate nusu umeingia kwa mfuko. Niliwaangalia. Nikaomba kimoyomoyo warudi venye walikuwa. Wanyamaze. Mtu apige mbweu.

Rukia alisokota shingo ya mfuko, akabana. "Tunajiweza, Madam."

"Tunajiweza," Musyoka akasema kutoka kwa mashine.

Na yule wa maziwa ya mtoto. Na aliyemfuata. Ikazunguka meza yote, kila mmoja na sauti yake, wazi kabisa, hakuna aliyemung'unya. Mimi ndiye nilikuwa nimetaka watu wa kuongea.

"Na wewe, Kyalo?" Madam akauliza.

Nikasema, "Sawa."

Halafu nikausukuma ule mkate ukaingia wote, mara moja, bila kuanguka. Ndio nilikuwa nimejua kupaki. Hakuna mtu aliona.

Nilikuwa nimebakisha kidogo kufika umri wa kustaafu, na Madam alinilipa haki yangu yote, sina la kulalamika. Walinifanyia sherehe, keki ikatolewa kwa duka la nje. Kiwanda kizima cha kuoka, na keki inanunuliwa! Nilisema hivyo kwa hotuba yangu, wakacheka vizuri. Rukia alikuwa anaosha vikombe, sikumwona uso.

Sasa naishi Komarock, kwa nyumba ndogo, ghorofa ya juu. Mke wangu, Mama Mwende, alitangulia mbele ya haki, na Mwende wangu yuko Mombasa na watoto wake, hupiga simu Jumapili. Nikienda dukani nashika mikate yote kabla ya kuchagua, mpaka mwenye duka ananiambia, "Mzee, unanunua ama unaikanda?" Namwambia huu ulikatwa moto. Ananiambia lipa. Siku nyingine hayo ndiyo mazungumzo yangu yote mpaka jioni.

Vijana wa hapa kwa geti huniambia, "Buda, tupatie siri ya kazi." Yangu ndiyo hii. Ukipewa watu, usiwaketishe. Ingia kwa kazi yao, ukosee mbele yao kidogo, na mdomo wako ufunge hata kama jibu unalo. Wataongea. Lakini ujue siku watu wakizoea kukuambia ukweli, hawatakuchagulia ukweli wa kukupendeza. Na mimi singewarudisha kwa kile kimya, hata leo. Nilikijua kile kimya, nilikipigia makofi. Ila sitawadanganya ati haikuuma. Muda mrefu sana nilikuwa nazunguka na njia ingine ndio nisipite karibu na kile kiwanda nikasikia harufu.

Juzi Jumamosi nilikuwa Soko la Burma, kwa butchery moja, nimeagiza nyama ya mtu mmoja. Mchomaji ananiuliza mara ya pili kama nangoja wenzangu. Nikasikia nyuma yangu, "We Kyalo! Bado uko hai?" Rukia, na kikapu chake, amekuja kununua nyama ya nyumbani. Akavuta kiti bila kukaribishwa. Akanipa habari za watu wote: Musyoka ameoa, Swaleh amegonga geti la kiwanda na gari la kiwanda, mkate bado umesimama. Tukacheka. Nyama ikaletwa, akala kuliko mimi.

Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena. Nikachukua kisu nikawa nakatakata nyama ambayo ilikuwa imeshakatwa, macho chini.

"Rukia. Siku ile kwa meza, wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kusema mnajiweza."

"Ndiyo, nilikuwa wa kwanza."

"Hukunifikiria?"

Akaacha kutafuna. Akapangusa vidole, kimoja kimoja.

"Tuliulizwa kama tunataka supavaiza," akasema. "Hatukumtaka. Kuhusu Kyalo hakuna mtu alituuliza."